Saa Tatu Usiku ya Machakos

Kikao cha ukoo Machakos kinaanza saa tatu usiku. Kwa ndugu walioko Boston ni saa nane mchana. Sisi hatugusi mishale ya saa mwaka mzima. Marekani huirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa tatu yetu inakuwa saa saba kwao. Asiyekumbuka anaingia saa nzima baadaye, michango imeshasomwa. London nao hurudisha wiki moja mapema, kisha Machi Marekani hutangulia kwa wiki mbili au tatu kuisogeza mbele. Tangazo liandikwe kwa saa ya Machakos, tena kwa tarakimu: 21:00. Mjukuu aliyekulia ughaibuni akisikia “saa tatu”, anaelewa 3:00.