Mashine ya Eksirei Nayo Ipimwe



Nimeombwa niseme machache juu ya kipimo cha mkononi cha kupimia mashine za eksirei. Mimi ni mtu wa reli, si daktari. Lakini sisi wa reli twajua kazi ya kipimo. Fundi wa njia hatazami reli kwa macho tu akasema ni sawa. Huweka kipimo, nacho humwambia kama upana ni milimita 1435 au sivyo. Na mionzi ya eksirei haionekani kabisa, wala haina harufu. Röntgen aliigundua mwaka 1895 kule Ujerumani, na wengi waliumizwa nayo kabla watu hawajajua kujikinga.

Basi, kazi hufanywa hivi. Kwanza, tazama cheti cha kipimo chenyewe: kilisahihishwa lini? Kipimo kibovu hukupa imani ya bure. Pili, kilaze juu ya meza, katikati ya mwanga unaoonyesha mionzi itapita wapi. Tatu, pima kwa utepe umbali toka pale mionzi inapotokea. Aghalabu ni sentimita 100. Msiudharau utepe huo. Kipimo kikisogezwa mpaka sentimita 50, hakitasoma mara mbili, bali mara nne! Nne, watu wote wasimame nyuma ya ukuta wa kinga, ndipo mashine ipigwe. Kipimo kitashika majibu mpaka mrudi.

Majibu ni nguvu ya umeme kwa kilovolti, muda, na kiasi cha mionzi kwa miligrei. Linganisha na namba zilizowekwa kwenye mashine. Ikiwa imewekwa kilovolti 80 na kipimo chasema 95, mashine hiyo yasema uongo. Halafu piga tena mara tatu au nne bila kubadili kitu. Majibu yakipishana sana, fundi aitwe. Yote yaandikwe daftarini pamoja na tarehe.

Lakini kipimo hiki si kile cha kutafutia mionzi inayovuja mlangoni na ukutani. Kile ni chepesi kuhisi kidogo. Kikiwekwa mbele ya mionzi yenyewe huzidiwa, na huweza kusoma pungufu. Kila chombo na kazi yake.

Ndugu, haya yatuhusu nini? Wengi wetu tumepigwa picha ya kifua. Mashine ikitoa mionzi haba, picha haifai, nawe hurudiwa. Ikizidisha, mwili wako ndio ulipao. Ndugu zetu wanaofanya kazi na mionzi wamewekewa kikomo cha milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5. Mtu wa kawaida ni 1. Mgonjwa hana kikomo kama hicho. Kinga yake ni daktari asiyeagiza picha ovyo, na mashine iliyopimwa.

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kusimamia mionzi na kutoa leseni. Lakini leseni ukutani haitoshi. Wajumbe wetu waulize kwa adabu, bila kuogopa: Mashine ilipimwa lini? Cheti cha kipimo ki wapi? Na daftari li wapi? Mwenye kazi safi hatachukia kuulizwa.

Umoja ni nguvu.