Kiu ya Heshima na Mvuto wa Itikadi Kali: Hotuba ya Mgeni Rasmi

Umaskini ndio unaotajwa kwanza kila inapoulizwa kwa nini kijana hujiunga na kundi la kigaidi. Jibu hilo halitoshi. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 na kuua watu 148 alikuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu, aliyekwisha kuripoti kwamba mwanawe ametoweka. Maskini wasiohesabika, kwa upande wao, hawajawahi kumrushia mtu hata jiwe.

Mwanasaikolojia Arie Kruglanski huanzia kwenye haja ya kila binadamu kuonekana ana thamani mbele ya wenzake. Haja hiyo haina ubaya. Ndiyo pia humsukuma mzimamoto kuingia kwenye nyumba inayowaka. Hugeuka hatari pale fedheha inapoiamsha na kijana akapata simulizi inayomwambia kwamba kudhalilishwa kwake ni sehemu ya vita vikubwa, na kwamba kuua kutamrudishia heshima.

Bado anahitaji watu. Marc Sageman, katika utafiti wake wa mwaka 2004 kuhusu mitandao ya kigaidi, alionyesha kuwa urafiki na udugu mara nyingi hutangulia itikadi. Kijana huwafuata kwanza wenzake wa maskani. Mafundisho huyashika baadaye. Ndiyo maana hoja za kidini peke yake, hata zikiwa sahihi kabisa, humfikia zikiwa zimechelewa.

Fedheha nayo ina chanzo, na wakati mwingine chanzo hicho huvaa sare. Katika utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) wa mwaka 2017 barani Afrika, asilimia 71 ya waliohojiwa baada ya kujiunga kwa hiari walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Msako wa polisi wa Aprili 2014 jijini Nairobi dhidi ya washukiwa wa ugaidi, uliojaza watu waliokamatwa katika uwanja wa Kasarani, uliwapa wasajili wa makundi hayo hadithi bila gharama yoyote.

Kwa waliokwisha kujiunga, msamaha uliotangazwa Kenya mwaka 2015 kwa waliotoka kwenye kundi la kigaidi nchini Somalia ulifungua mlango wa kurudi. Hata hivyo, aliyerudi aliwaogopa polisi na wenzake wa zamani kwa pamoja. Asipopata ulinzi, kazi na watu wa kumpokea, kundi alilolikimbia hubaki mahali pekee anapojulikana kwa jina.