Hati Sahihi kwa Mwalimu wa Kesho



Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ilianza katika mwaka wa masomo 2023/24 kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada, wakiwamo walimu watarajiwa wa sayansi na hisabati. Kila katibu ajua kuwa mali bila daftari hupotea bila habari; mkopo nao ni vivyo hivyo. Jina la cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la cheti cha kidato cha nne, ombi huweza kukwama. Basi katibu na amhimize mzazi kuhakiki cheti RITA mapema. Na Bodi itoapo muda wa masahihisho, mwombaji asikawie. Kijana wa Mkomaindo au Newala akikosa ada kwa kosa la herufi, shule ya kijiji ndiyo itakayokosa mwalimu.