Mikono Iliyowekwa Mara ya Pili: Huduma ya Daktari Allen Foster

(Hotuba mbele ya usharika na wageni wa dayosisi, Saadani)



Injili ya Marko, sura ya 8, yasimulia habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana alipomwekea mikono mara ya kwanza, mtu yule aliona, lakini si sawasawa. Alipomwekea mara ya pili, akaona vyote waziwazi. Huduma ya Daktari Allen Foster, bingwa wa macho kutoka Uingereza, yafanana na habari hiyo.

Tangu mwaka 1975 hadi 1985 alitumika katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, ya Kanisa Anglikana. Mzee mwenye mtoto wa jicho aweza kuja ameshikwa mkono na mjukuu, akapasuliwa, akarudi nyumbani bila kuongozwa. Hiyo ndiyo mikono ya kwanza.

Lakini kwa watoto wengi kisu hakikutosha. Kioo cha jicho kikishapata kidonda na kubaki na kovu jeupe, nuru hairudi kwa urahisi. Kwa hiyo Foster aliuliza chanzo. Yeye na Daktari Alfred Sommer wa Marekani waliandika habari za watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda hivyo, zikachapishwa mwaka 1987. Zaidi ya theluthi moja ya vidonda vilihusiana na surua. Upungufu wa vitamini A ulichangia, na wengine waliumizwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni kwa nia njema.

Basi mikono ya pili ni chanjo ya surua, vitamini A na mafundisho kwa wazazi. Baada ya Mvumi, Foster alifundisha mambo hayo London, kisha akaliongoza shirika la CBM, ambalo chimbuko lake ni kazi ya Mchungaji Ernst Christoffel wa Ujerumani, iliyoanza mwaka 1908.

Mikono hiyo ya pili si ya daktari peke yake. Papai bivu, mchicha na maini ya samaki ni chakula cha pwani. Mtoto apelekwe chanjo kwa wakati. Jicho likiwa jekundu, lisitiwe majani, bali apelekwe zahanati siku hiyohiyo, awe wa nyumba ya Mkristo au ya jirani Mwislamu.

Usharika unaoanza miaka mia nyingine na uwe na mikono hiyo. Amina.