Mlinzi wa Sweta: Kipindi cha Michezo ni cha Watoto Wote

(Hotuba ya Idara ya Maendeleo kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, mkutano wa robo mwaka)



Tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya michezo shuleni kwa watoto wenye ulemavu. Bila shaka wapo waliosoma ratiba na kujiuliza: madawati hayatoshi, vyoo havitoshi, na leo mnatuletea habari za mpira? Swali hilo ni halali na tutalijibu. Lakini turuhusuni tuanze na kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita tulikwenda kukagua mradi katika shule moja ya msingi hapa jimboni. Sadaka zenu zilikuwa zimejenga njia ya mteremko kwenye milango ya madarasa mawili, zimepanua mlango wa choo kimoja na kununua magongo ya kutembelea. Tulipima mteremko, tukapiga picha, tukatia sahihi kitabu cha wageni. Tulipokuwa tunaondoka tukapita kando ya uwanja. Darasa la tano walikuwa katika kipindi cha michezo. Chini ya mwembe alikaa binti mmoja, magongo yake mapya yamelazwa pembeni, na mbele yake rundo la sweta za wenzake. Tukamwuliza kwa nini hachezi. Akajibu kwa adabu kwamba yeye ndiye mlinzi wa sweta. Akaongeza kuwa tangu darasa la pili hajapoteza hata moja.

Katika ripoti ya robo ile tuliandika kwamba mtoto huyo amejumuishwa shuleni. Tuliandika hivyo kwa sababu alikuwa ameingia darasani. Hatukuandika kwamba wenzake walipokimbia yeye alikaa, na kwamba alikuwa amekaa hivyo kwa miaka mitatu.

Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya. Alituambia kwamba chuoni alifundishwa kuongoza michezo ya watoto wanaokimbia. Aliogopa mtoto akianguka, mzazi atamlaumu. Kwa hiyo alimpa kazi ya heshima kadiri alivyoweza kuifikiria.

Je, michezo ni anasa?

Sasa tujibu lile swali. Mwaka 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alikuwa akiwatibu watu waliopooza, wengi wao askari waliojeruhiwa uti wa mgongo vitani. Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakifa mapema kwa vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliingiza michezo katika matibabu yenyewe, kwa sababu mwili unaotumika haudhoofu upesi, na moyo wenye shauku ya kushinda hauombi kufa. Mwaka huo aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, wakashiriki watu 16, wanaume na wanawake. Kutokana na mwanzo huo mdogo ilikuja michezo ya Roma ya mwaka 1960, ambayo leo tunaihesabu kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Kwa mtoto wetu hoja ni ile ile. Mtoto anayetembelea magongo anahitaji mabega yenye nguvu kuliko mtoto mwingine yeyote. Asiyeona anahitaji kujifunza kuuamini mguu wake katika uwanda wazi. Na wote wanahitaji jambo ambalo halifundishwi ubaoni: kushinda, kushindwa, kugombana juu ya goli na kupatana kabla ya kengele. Urafiki wa shule huzaliwa uwanjani. Anayelinda sweta hupewa shukrani, lakini jioni haitwi kwenda kucheza.

Tena jambo hili ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 30 inataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao, na imetaja waziwazi ile inayofanyika shuleni. Mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9. Kwa hiyo kamati inapokwenda kuonana na mwalimu mkuu haiendi kuomba hisani.

Pembe nne za mkeka

Mnaikumbuka habari ya Injili ya Marko, ya watu wanne waliomleta mgonjwa aliyepooza wakakuta mlango umejaa watu. Hawakumwambia angoje nje. Walifumua paa. Nasi tumejifunza kutoka kwa waalimu wa michezo wa nchi mbalimbali kwamba mchezo wowote unaweza kufumuliwa kwa kubadili mambo manne: mahali, kanuni, vifaa na watu. Mkeka una pembe nne, na kila pembe inahitaji mshikaji.

Kwanza, mahali. Kitimwendo hakipiti kwenye mashimo wala mchanga mwingi. Pengine haihitajiki zaidi ya kufukia mashimo kwenye kona moja ya uwanja, kuishindilia, na kuchora mistari kwa majivu au chokaa. Mtoto mwenye ualbino naye anahitaji kipindi cha asubuhi au jioni badala ya saa sita mchana, kofia pana, mikono mirefu na kivuli cha kupumzikia. Kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu, mpira uwe wa rangi inayoonekana wazi dhidi ya udongo.

Pili, kanuni. Chukueni mpira wa wavu wa kukaa, uliobuniwa Uholanzi mwaka 1956. Uwanja ni mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume uko juu sentimita 115 tu. Kanuni kubwa ni kwamba mchezaji anapougusa mpira, makalio au kiwiliwili kisiachane na ardhi. Shuleni kamba kati ya miembe miwili inatosha. Darasa zima linakaa chini, wenye miguu mizima na wasio nayo. Hapo mtoto aliyezoea kusogea kwa mikono anawaacha wenzake mbali. Katika rede pia, mtoto wa magongo anaweza kupewa nafasi ya kupigwa mara mbili kabla ya kutoka. Kanuni hiyo itungwe na watoto wenyewe, kwani wao ni mahakimu wakali na wa haki.

Tatu, vifaa. Asiyeona anahitaji mpira unaosikika. Mchezo wa mpira wa goli ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Timu huwa na wachezaji watatu, wote hufungwa vitambaa machoni, na ndani ya mpira kuna njuga. Mpira wa dukani ni ghali, lakini mpira wa matambara ambao kila mtoto wetu anajua kuufunga unaweza kutiwa kopo dogo lenye visoda ndani. Watazamaji wanyamaze, basi. Kwa kiziwi, mwalimu apunge kitambaa chekundu badala ya kutegemea filimbi peke yake. Gharama ya kitambaa mnaijua.

Nne, watu. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwongozaji, wameshikana kwa kamba fupi. Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 akiwa kijana. Mwaka 2000 alishinda dhahabu ya mita 5,000 huko Sydney. Mwongozaji wake alikuwa ameishiwa nguvu kabla ya mwisho, na Wanyoike ndiye aliyemvuta hadi kwenye utepe. Tunawaomba mkaisimulie habari hii kwenye jumuiya zenu, maana sisi tumezoea kuuliza nani atamsaidia mlemavu, na mara chache tunauliza yeye atamvuta nani.

Hofu ya mwalimu isidharauliwe

Hata hivyo, tusiwe watu wa kupiga makofi tu. Zipo hali zinazohitaji uangalifu, na mwalimu ana haki ya kuzijua. Mtoto mwenye sindromu ya Down anaweza kuwa na udhaifu wa mifupa ya shingo, kwa hiyo asipinduke kichwa chini wala kupiga mpira kwa kichwa mpaka daktari amwone. Aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani akingwe na mapigo ya kichwa. Mwenye kifafa, ambaye mara nyingi huzuiwa kila kitu, kwa kawaida anaweza kucheza mpira na kukimbia, ila asipande juu wala kuogelea bila mtu mzima karibu. Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara na aruhusiwe kupumzika anapojisikia kuchoka, bila kuitwa mvivu.

Orodha hii haikuandikwa ili kumrudisha mtoto chini ya mwembe. Imeandikwa ili mwalimu ajue lililo hatari na aache kuogopa mengine yote. Mganga wa zahanati ya parokia, mzazi na mwalimu wakikaa pamoja mwanzoni mwa muhula, wataweza kuandika kwa kila mtoto nini kinafaa na nini kisifanyike. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Mara nyingi anaujua mwili wake kuliko sisi.

Kuhusu bonanza

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo litawagusa wafadhili, na pia sisi wenyewe. Kila mwaka tumekuwa tukiandaa bonanza la watoto wenye ulemavu, lenye fulana, muziki, wali na mgeni rasmi. Picha zake ndizo zinazopendeza kuliko zote katika jarida hili. Hatulisemi vibaya. Wapo wazazi ambao siku hiyo ndiyo waliyomtoa mtoto nje mbele ya majirani kwa mara ya kwanza, na hilo si dogo.

Lakini bonanza ni siku moja. Kipindi cha michezo kinarudi wiki baada ya wiki, muhula baada ya muhula. Mtoto aliyevikwa medali Jumamosi, Jumatatu anarudishwa kulinda sweta. Tena siku ile anacheza na wenye ulemavu wenzake tu, huku wanadarasa wenzake wakiwa nyumbani bila kujifunza lolote.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwaka ujao sehemu kubwa ya fedha za bonanza iende kwenye mafunzo ya waalimu wa michezo shuleni, matengenezo ya viwanja, na ukarabati wa vitimwendo, ambavyo vingi vimelala kwa kukosa tairi na mipira ya ndani. Bonanza libaki dogo, katika ngazi ya parokia, na kila timu iwe na watoto wenye ulemavu na wasio nao. Tunajua mafunzo hayana picha nzuri. Ni watu wazima wamekaa uwanjani wakirushiana mpira wa matambara. Tunawaomba wafadhili wetu watuvumilie kwa ripoti zenye picha chache. Badala yake tutawaletea jibu la swali moja kutoka kila shule: katika kipindi cha michezo kilichopita, nani alikaa pembeni, na kwa nini?

Tunaomba nini kwa kamati

Kila kamati ikamwulize mwalimu mkuu swali hilo hilo, kwa upole na kwa kurudia. Vijana wa parokia watoe siku moja ya kazi ya mikono uwanjani. Akina mama wa WAWATA wenye vyerehani washone vitambaa vya kufunga macho, fulana za rangi mbili na mipira inayosikika. Na wazazi wanaoficha watoto watembelewe na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, si kwa kukaripiwa, bali kwa kualikwa.

Tumalizie kwa yule binti. Muhula uliofuata mwalimu wake alihudhuria mafunzo ya siku mbili kwenye ukumbi wa parokia. Tuliporudi shuleni, kamba ilikuwa imefungwa kwenye miembe na darasa lilikuwa limekaa chini pande zote mbili. Binti alikuwa mstari wa mbele, vumbi hadi kwenye nywele, akimfokea mwenzake aliyeachia mpira upite. Hakutuona. Sweta zilikuwa zimetundikwa ovyo kwenye tawi bila mlinzi, na tuliambiwa wiki ile ilikuwa imepotea moja. Mwalimu mkuu alituomba radhi kwa hilo. Tukamwambia sweta hiyo tutainunua sisi.