Kuchagua Mikono ya Juu ya Magurudumu ya Mbele kwa Magari Makuukuu ya Vyama



Gari la chama likishatimiza miaka ishirini, kamati huzungumza sana juu ya injini na matairi. Mkono wa juu wa gurudumu la mbele hautajwi mpaka siku gari linapokwama. Nao ni chuma chenye umbo la herufi A: upande mmoja kimefungwa kwenye fremu kwa bushi mbili za mpira, na upande wa pili kimeshika kitovu cha gurudumu kwa boljointi. Boljointi hiyo ikichomoka, gurudumu hulala chini ya bodi na usukani haumtii dereva tena. Katika miteremko ya Newala, gari likiwa limebeba watu, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba gari lina mikono hiyo. Land Cruiser za aina ya 70 zina ekseli nzima mbele, na baadhi ya Hilux za 4x4 za zamani vivyo hivyo. Hizo hazina mkono wa juu wa kununua. Hiace na Hilux nyingine zinao. Katibu aliyepata kuagiza spea "za Hilux" bila neno zaidi anajua jinsi mzigo unavyorudishwa dukani. Hati ya kuagizia na iandikwe namba ya chesisi, mwaka wa gari, na upande, kulia au kushoto.

Jambo la pili ni kujua mkono huo unabeba nini. Springi ikikaa juu ya mkono wa chini, mkono wa juu kazi yake ni kuliongoza gurudumu tu. Lakini baadhi ya Hilux za zamani zilizofungwa nondo ya kujisokota badala ya springi, nondo ile hushikwa na mkono wa juu, na mkono hubeba uzito wa gari. Hapo chuma chembamba chenye uchomeleaji wa kubabaisha hakifai hata kikiuzwa kwa nusu ya bei.

Ziko spea za mtengenezaji wa gari, na ziko za viwanda vingine. Si kila kiwanda kingine ni kibaya. 555 ya kampuni ya Sankei ya Japani imejijengea heshima kwa boljointi zake. Tatizo ni kwamba jina jema huigwa. Muuzaji asiyekubali kutoa risiti yenye jina la duka na maelezo ya spea aachwe. Spea za mtumba nazo ziangaliwe kwa makini: chuma chaweza kuwa kizima, lakini mpira wa bushi umezeeka na gari lililotolewa.

Ipo pia mikono iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyoinuliwa, na huvutia macho. Gari la chama ambalo halijainuliwa haliihitaji. Bushi za plastiki ngumu hudumu, lakini hutaka grisi, na mchanga wa njia ya Msimbati ukiingia huzifanya zipige kelele. Kwa kazi za kawaida bushi za mpira zinatosha. Boljointi iliyofungwa kwa bolti ni bora kuliko iliyoshindiliwa, maana hubadilishwa peke yake bila kutupa mkono mzima. Kwa sababu ya chumvi ya bahari, mkono upakwe rangi kabla ya kufungwa.

Chama kilicho mbali na mji ni afadhali kinunue mkono kamili. Bushi hutolewa na kuingizwa kwa presi. Fundi asiye na presi hutumia nyundo, na nyundo huupinda mkono. Ule wa zamani, kama haujapinda wala kupasuka, upelekwe mjini ukatiwe bushi, kisha uwekwe stoo.

Wakati wa kufunga, makosa mengi hutokea mahali pamoja. Fundi hukaza bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Gari linaposhushwa, mpira hujisokota, na kwa kuwa umegandamana na chuma, huchanika upesi. Bolti zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Nondo ya kujisokota itiwe alama kabla ya kulegezwa. Vibati vya kupimia vilivyowekwa nyuma ya mkono, kama vipo, vihesabiwe na kurudishwa mahali pake.

Baada ya hapo gari lipimwe mwelekeo wa magurudumu. Tairi linaloliwa upande wa ndani tu ni dalili kwamba kipimo hicho kiliachwa, na tairi jipya laweza kugharimu zaidi ya kipimo chenyewe. Risiti ya kipimo na ibandikwe katika daftari la gari, pamoja na kilometa zilizosomwa siku hiyo, na baada ya kilometa 1,000 bolti zote zikaguliwe upya.