Usianze na Robo Ekari
(Mazungumzo na vijana wa Mabanga kuhusu bustani ya mboga)



Ndugu zangu na dada zangu, niliombwa nizungumze na vijana hapa Mabanga juu ya kuanza bustani ya mboga, na sasa maneno yale yameandikwa ili nawe ambaye hukuwepo uyapate. Sitaanza na faida. Faida kila mtu anaijua. Kijana akiona bei ya nyanya inavyopanda Ramadhan, kichwani mwake ameshauza makreti mia. Mimi nitaanza na hasara yangu.

Nilikodi robo ekari. Nusu ya pesa ilikuwa yangu, nusu ya chama chetu cha vijana, tuliyochanga kidogo kidogo. Nikapanda nyanya tupu. Zikashika, zikatoa maua, kila mpita njia akasifu. Halafu siku moja, saa saba mchana, nikaona mche mmoja umelegea na majani yake bado ni ya kijani kabisa. Nikasema ni jua, nikaongeza maji. Baada ya wiki mbili ni mstari mzima, na mwezi haukuisha shamba lote likawa limelala. Nilikimbia dukani nikauziwa dawa ya ukungu. Nikanyunyiza. Nikauziwa nyingine, nikanyunyiza tena. Mwisho nikasimama mbele ya wenzangu kueleza pesa zao zilikokwenda. Hilo sitaki likufike.

Kumbe ule ulikuwa mnyauko wa bakteria. Unaishi udongoni, na dawa ya kunyunyiza ya kuuponya haipo. Ukitaka kuujua, kata shina karibu na ardhi, kipande chake ukitumbukize ncha ndani ya gilasi ya maji safi, usikitikise. Kama ni wenyewe, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka kutoka pale ulipokata. Jaribio hili halina gharama yoyote! Ningelijua, ningeng'oa mche ule wa kwanza na mizizi yake, nikauchoma, wala nisingeacha maji ya mtaro yapite hapo kwenda kwa mingine.

Lakini kosa lenyewe lilitangulia siku ya kupanda. Shamba lile msimu uliopita lilikuwa na viazi, na pembeni managu. Viazi, nyanya, managu, biringanya na pilipili ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja huhamia kwa mwenzake. Huku kwetu Bungoma managu hayakosekani nyuma ya nyumba, ndiyo maana kosa hili tunalifanya sana. Hata yule nondo wa nyanya, Tuta absoluta, aliyefika Kenya mwaka 2014, hukaa kwenye managu pia. Basi kabla hujatoa pesa ya kukodi, muulize mwenye shamba: hapa misimu iliyopita palikuwa na nini?

Akikwambia mahindi, afadhali. Ila hapo napo kuna jambo. Mashamba mengi ya Bungoma na Trans Nzoia yametiwa DAP mwaka baada ya mwaka mpaka udongo umekuwa na asidi. Unaweka mbolea, fosforasi inafungwa udongoni, mche unadumaa, nawe unadhani mbegu ni mbovu. Pima udongo kwanza. Ukiambiwa utie chokaa ya kilimo, itie wiki kadhaa kabla ya kupanda. Wa kuwauliza wapo: kituo cha mafunzo ya wakulima kipo hapa hapa Mabanga (wazee bado wanakiita FTC), na Kitale wako watafiti wa KALRO. Tunapita mbele ya lango kila siku kama kwamba ni pa wageni.

Mengine nitayapitisha haraka. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Iache ioze miezi mitatu hivi, na ukitia mkono ndani ukasikia joto, bado. Mbegu ndogo kama ya sukuma usiizike, sentimita moja yatosha. Mbegu ya haibridi usikamue ukaiweka ya msimu ujao, haitatoa sawa na mama yake. Mahindi ya haibridi yalianzia Kitale miaka ya 1960 na hadi leo wako wanaojaribu! Na maji ya kurashia juu juu kila siku huacha mizizi karibu na uso wa ardhi. Heri ulowanishe vizuri mara chache. Uliyefunga, mwagilia baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijakupata wewe na miche yako.

La dawa silipitishi haraka. Kila chupa imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kunyunyiza Jumatatu na kuuza Jumanne kwa sababu watu wanahitaji futari, huko ni kumlisha Muislamu mwenzako sumu, na umechukua pesa yake.

Sasa kalenda. Ramadhan ya 2026 imeangukia Februari na Machi, mwisho wa kiangazi chetu. Sukuma ukiisia kitaluni mwanzo wa mfungo, miche hukaa wiki nne mpaka sita, na baada ya Idd mvua za masika zikianza unaihamisha. Tengeneza tuta moja tu, upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, urefu hatua kumi. Acha sentimita 45 mpaka 60 kati ya mche na mche, hata kama jicho linakwambia pamebaki nafasi kubwa. Tumia pesa yako mwenyewe. Ya chama iache ilale mpaka tuta hilo limekulisha msimu mmoja, na nyanya tutaziongea hapo.

Wabillahi tawfiq.